Maili Ishirini kwa Galoni, Boti Nyuma

Mei 8

Daftari hili nimepewa bure na jamaa wa mbegu pale Nessby, lina picha ya mahindi kwenye jalada. Mke wangu Renae kasema kama ni lazima niongee kila jioni mpaka asinzie, basi niongee na mahindi. Haya mahindi, habari zenu. Mimi ni Lyle Brandvold. Nina pikapu moja, mgongo nusu, na mdomo mzima.

Mambo yako hivi. Kiwanda cha mbao kilifungwa kabla ya Krismasi na toka hapo nabangaiza: nimesukuma theluji, nimevuta magari ya watu mitaroni, nimeuza minyoo. Sasa barafu imetoka ziwani, watu wa mjini wanarudi kwenye nyumba zao za likizo, na kila mmoja ana boti inayotaka kushushwa majini. Renae kanipa mpaka Oktoba. Boti zikisharudi bandani na mimi bado sina kazi ya kueleweka, tunauza pikapu, tunahamia Fargo, nakuwa muuza mazulia kwa kaka yake Curtis. Shemeji Curtis ni mtu mzuri. Ana tai yenye picha ya zulia. Anaweza kuongelea nyuzi kuanzia supu mpaka keki.

Mei 10

Nimejiharibia mwenyewe, tena kahawa ikiwa bado ya moto.

Kwenye sheli ya Arvid Skoglund kuna meza ya duara karibu na jokofu la chambo. Wanaume wa hapa tunakaa pale kila asubuhi. Wakati wa baridi tunadanganyana ukubwa wa samaki. Barafu ikitoka tunadanganyana mafuta, pikapu ya nani inaenda maili nyingi zaidi kwa galoni moja. Adabu ya meza ni moja tu, humwombi mwenzio ushahidi. Arvid ndiye anayetuuzia hayo mafuta. Anajua nani anajaza nini na karudi lini, na hajawahi kusema neno. Hata mchungaji hajatunziwa siri nyingi kama zilizoko kichwani kwa Arvid.

Basi Gordy Maki, ambaye tumeshindana toka shule ya msingi na ambaye naye anavuta boti za watu, akasema yake ikivuta inampa kumi na nane. Mi nikasema yangu ishirini.

"Boti nyuma?" akauliza Arvid.

"Boti nyuma, upepo mbele, na Renae ndani ananiambia nipunguze spidi."

Sikumwona Bi Verna Tollefson. Alikuwa kwenye birika la kahawa anajaza chupa yake. Ni mjane wa Orville, mwenye lile banda kubwa ambamo nusu ya boti za ziwa zinalala wakati wa baridi. Mfupi, anavaa koti la marehemu mpaka magotini. Akageuka taratibu.

"Lyle, hiyo ishirini ni ya kweli?"

Meza nzima ikanitazama. We ungesema nini? Nikasema, "Bi Verna, siku nyingine ishirini na moja."

Akasema vizuri. Atanilipa kwa kila boti nitakayoshusha na kila nitakayorudisha, na mafuta atalipa kwa hesabu yangu mwenyewe, maili ishirini kwa galoni. Boti zote zikirudi nzima, nafasi ya Orville bandani ni yangu, mwaka mzima, baridi na joto. Gordy akafungua mdomo, nadhani akitaka kusema kumbe yake ni ishirini na mbili, lakini Bi Verna alishafunga chupa na kutoka.

Mei 11

Renae kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi. Halafu akaacha.

"Lyle, ile gari ikivuta inaenda kumi na moja."

Nikamwambia najua.

"Upepo ukiwa mbele inaenda tisa."

"Najua, mama."

"Sasa hiyo tofauti anailipa nani?"

Nikasema tutaizoea. Akaenda kumpigia Curtis kumuuliza hali ya hewa ya Fargo.

Niseme ukweli kwa mahindi. Ishirini niliwahi kuiona. Ilitokea kwenye kioo cha dashibodi siku moja nashuka mteremko wa ziwani, upepo mgongoni, mguu hewani. Nikaipiga picha na simu. Renae anasema hata kabati la nguo lingeenda ishirini kwenye ule mteremko.

Mei 14

Nimeamua kuitafuta hiyo ishirini. Kama gari imewahi kuifikia, inaijua njia.

Nimeanza na uzito. Nimetoa nyundo, minyororo, viatu vya uvuvi, kiti kimoja cha kanisa ambacho sijui kilifikaje. Chini ya ubao wa nyuma nikakuta mifuko ya mchanga. Kila mtu hapa anaweka mchanga nyuma ya pikapu wakati wa baridi ili tairi zishike kwenye barafu, na kila mtu mwenye akili anautoa Machi. Nimetembea na ufukwe mgongoni toka Novemba.

Mei 15

Bila mchanga: kumi na moja na nusu. Nimefurahi kama nimepata mtoto.

Mei 19

Upepo wa kaskazini. Boti tatu. Tisa. Siongei na mtu.

Mei 20

Renae anaitumia pikapu hiyohiyo kwenda kazini, jikoni kwa hospitali ya Hallum, kwa sababu gari lake dogo lilifia kwenye theluji. Anaondoka alfajiri, anarudi adhuhuri, mi naipokea ikiwa bado ya moto nafunga tela. Leo nimeangalia safari yake: kumi na nane. Gari tupu, ndiyo, lakini mi nikienda nalo tupu naona kumi na sita. Nikamuuliza anaifanyia nini. Akasema, "Siigombezi."

Mei 27

Nimeanza kwenda maili hamsini kwa saa, basi. Barabara inaruhusu zaidi, lakini nimeona kila ninavyokanyaga boti inakuwa kama mlango unaosukumwa na upepo. Shida ni wale wa nyuma. Leo nilikuwa na magari mpaka kwenye kona ya makaburini, mtu angedhani namzika mtu. Mmoja alinipita akanionyesha kidole. Nikampungia mkono wote, vidole vyote vitano, kwa ukarimu.

Juni 3

Mvua. Boti mbili. Kumi na moja.

Juni 4

Mvua. Boti moja. Kumi na moja. Gordy kanipita mara mbili, kwenda na kurudi, mi bado naenda.

Juni 9

Bi Verna ni bahili, na niandike hapa ili nisije nikamwambia usoni. Kila nikileta hesabu ya safari ananilipa mafuta ya ishirini, senti juu ya senti, halafu ananipa biskuti moja. Moja. Kabla boti haijatoka anaingia chini yake, anapapasa tumbo la boti kwa kiganja, mbele mpaka nyuma. Nikifika ziwani ananifuata na gari lake kuukuu, anapapasa tena. Anasema, "Mm." Najua anachotafuta. Anatafuta mkwaruzo aninyime kazi.

Juni 19

Leo nimevuta ziwa.

Daktari wa meno wa kutoka mjini ana boti ya kuvutia watu wanaoteleza juu ya mawimbi. Kanipigia nimhamishie kutoka ziwa la kaskazini kuja letu, na Bi Verna kaniambia sawa, ni mteja wa banda. Kaitoa majini mwenyewe na marafiki zake, kaniachia juu ya tela, kaenda kula. Nikafunga, nikaondoka. Pikapu ikaguna. Kwenye mlima wa kwanza malori ya kuni yakanipita. Dashibodi ikaandika saba, halafu sita, halafu nikaifunika na kofia.

Nikadhani injini inakufa. Nikawaza mazulia. Nikawaza rangi zake zote.

Nikasimama kwa Arvid. Gordy akatoka na kikombe chake, akaizunguka ile boti, akagonga ubavu kwa vidole. Ikalia *dumm*, kama pipa lililojaa.

"Lyle," akasema, "umebeba kiasi gani cha ziwa?"

Kumbe boti za aina hiyo zina matangi ya maji ndani. Unayajaza ili boti izame kidogo itengeneze wimbi kubwa. Daktari hakuyamwaga. Nilikuwa navuta maji uzito wa ng'ombe wawili wanene, tena bure, tena kosa kisheria, maana hapa ukibeba maji ya ziwa moja kwenda lingine unapigwa faini kwa kusambaza kome wageni. Nikamwaga pale pale kwenye changarawe za Arvid. Yakatoka mpaka Gordy akamaliza kahawa na kuongeza nyingine.

Nikampigia daktari. Nikamwambia kwa upole kuwa mi nikienda kwake huwa nasukutua kwanza.

Kutoka hapo mpaka nyumbani: kumi na mbili. Nilijisikia napaa.

Julai 4

Gwaride la sikukuu. Bi Verna kanipa nivute boti ya mbao ya marehemu Orville, imepambwa bendera, watoto wa kwaya ndani wanarusha pipi. Nimekwenda spidi yangu ya kawaida na kwa mara ya kwanza mwaka huu watu wamenipigia makofi.

Julai 12

Renae kapata mapumziko, kaja nami kupeleka boti. Kabla hatujaondoka akaniwekea bakuli la supu ya mchele mwitu mapajani. Bila kifuniko. Ya moto.

"Endesha," akasema.

Nikamwambia hii ni hatari. Akasema ndiyo maana. Sijawahi kuendesha hivyo maishani. Naiona taa nyekundu ikiwa mbali, natoa mguu mapema, nasogea kama naingia kanisani nimechelewa. Kona nazizungusha kama naosha mtoto. Tulipofika ziwani supu ilikuwa imemwagika kidogo tu, upande wa suruali usio na umuhimu. Nikaangalia dashibodi: kumi na tatu na boti nyuma.

Renae akachukua bakuli akala yeye.

Julai 13 mpaka 30

Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Upepo, kumi. Kumi na tatu. Bado hela ya mafuta inavuja mfukoni, lakini inavuja kwa adabu.

Agosti 6

Shemeji Curtis kaja na sampuli. Kazitandaza sebuleni zote, tumekula chakula cha jioni juu ya rangi ya mchanga wa machweo. Kaniuliza kama najisikia vizuri kupiga magoti. Kasema watu wa mdomo kama mimi wanauza sana. Kabla ya kulala Renae akanishika mkono, akasema hataki kwenda Fargo. Sikujua. Nilidhani mazulia ni wazo lake. Kasema ni wazo la benki inayotudai.

Kwa hiyo sasa tuko wawili tusiotaka.

Septemba 8

Watu wa mjini wanaondoka, boti zinarudi bandani. Majani yamegeuka. Upepo nao umegeuka, kila upande ninaoenda uko mbele. Tisa na nusu.

Septemba 15

Nimegundua kitu. Mafuta yenyewe yana uzito. Tangi likijaa unabeba mafuta ili ubebe boti. Kuanzia leo naweka kidogo tu, ya kunifikisha. Nimemweleza Arvid ili mtu mmoja duniani ajue akili yangu. Kaniangalia muda mrefu, kanirudishia chenji.

Septemba 29

Boti mbili. Bi Verna: "Mm." Biskuti moja.

Oktoba 12

Aibu ya leo naiandika karibu na jiko.

Ilibaki boti moja, ile ya Orville. Bi Verna aliiacha ya mwisho makusudi. Kaijenga Orville mwenyewe, ya mbao ya mwerezi, nyembamba, ukiigonga inalia kama gitaa. Redio ilisema theluji inakuja jioni. Bi Verna akanisubiri bandani, milango imefunguliwa.

Niliitoa majini vizuri. Nikaifunga kamba mara mbili, nikaweka blanketi zetu za kitandani pembeni isisuguane. Nikaondoka kama nina supu. Upepo ulikuwa mbele, umeshika kweli, unasukuma boti kama mtu anayesema hapana. Taa ya mafuta ikawaka. Nikaijibu: najua, tunafika. Kwenye mlima wa makaburini pikapu ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mtu wa ishirini kwa galoni kaishiwa mafuta, boti nyuma, katikati ya mlima, theluji ya kwanza inaanza kudondoka juu ya mwerezi wa marehemu. Nikashuka nikaweka mawe kwenye tairi. Nikavua koti nikafunika mbele ya boti, ambako rangi ni mpya. Nilikuwa nampigia Renae, naye yuko nyumbani jikoni, redio juu, hasikii, wakati pikapu ya Gordy ilipotokea chini.

Ningependa mtu mwingine yeyote. Ningependa polisi.

Akaegesha nyuma yangu, akawasha taa zote. Akatoa dumu. Akaja nalo bila haraka, anaifaidi kila hatua.

"Ishirini," akasema.

Nikafungua kifuniko cha tangi.

"Boti nyuma."

"Mimina, Gordy."

Akamimina. Theluji inamwangukia kwenye kofia. Alipomaliza hakuondoka. Akakaa kwenye bampa, akaangalia mtaroni kama kuna kitu.

"Yangu tisa," akasema.

Nikamuuliza tisa nini.

"Tisa. Siku nzuri. Mwaka wote nimesema kumi na nane. Nilipokuona unatambaa barabarani nikadhani wewe ndiyo umeweza, nikawa narudi nyumbani nakuchukia." Akajifuta pua. "Hata mke wangu Carol hajui. Anadhani hela naipotezea kwenye chambo."

Nikamwambia yangu kumi na moja, na tukaangaliana kama watu waliokutana kwa daktari wa magonjwa ya siri. Miaka yote hii nilimwona Gordy kama mtu anayenizibia njia. Kumbe alikuwa foleni ileile. Tukaapa hakuna atakayesema. Halafu akapita mbele na pikapu yake kubwa, akaenda polepole, akanikatia upepo mpaka mlangoni kwa Bi Verna.

Bi Verna akaona koti langu juu ya boti. Akaona blanketi. Akaingia chini, akapapasa, safari hii muda mrefu, mbele mpaka nyuma na kurudi. Akatoka, kofia imejaa theluji.

"Mm," akasema. Kaniambia nije na Renae kwenye chakula cha kanisa Jumamosi, jibu atanipa hapo. Biskuti hakunipa.

Oktoba 18

Tumerudi sasa hivi. Naandika nikiwa na viatu.

Chakula cha kanisa cha Oktoba ni yule samaki wa babu zetu, anayekaushwa, analowekwa kwenye magadi mpaka anasahau kwamba alikuwa samaki, halafu anachemshwa anatikisika kama jeli. Hakuna anayempenda na hakuna anayekosa kuja. Meza ndefu, chumba cha chini, siagi inaelea. Meza yote ya sheli ilikuwepo, na wake zao. Mi sikuweza kumeza, na kwa mara ya kwanza si kosa la samaki.

Bi Verna akaja na sahani yake akasimama mbele yetu. Akasema boti zote zimerudi, nzima, haijawahi kutokea. Wakati wa Orville kila mwaka zilivunjika mbili tatu. Orville alikuwa fundi wa ajabu na dereva wa kutisha.

"Kazi ni yako," akasema. "Mwaka mzima."

Renae akanishika goti chini ya meza, nguvu kweli.

"Sasa mafuta ya mwaka kesho," akasema Bi Verna. "Niandike ngapi?"

Gordy akamtazama samaki wake. Arvid akakoroga kahawa isiyo na kitu cha kukoroga. Nikisema ishirini, najikata mwaka mwingine. Nikisema ukweli, nimevua nguo mbele ya wanaume wote wa Nessby. Nikafungua mdomo, na sijui hadi sasa nini kingetoka.

"Kumi na moja," akasema Renae. "Upepo ukiwa mbele, tisa. Kumi na tatu nikiwemo."

Nilitamani kuingia ndani ya samaki. Lakini kabla sijaingia, Carol wa Gordy, aliye upande wa pili, akapangusa mdomo akasema, "Afadhali. Yetu tisa, na huyu anadhani sijui."

Gordy akageuka rangi ya siagi. Na mwisho wa meza Doreen, mke wa Arvid mwenyewe, mke wa muuza mafuta, akasema wao yao ni saba, na hata boti hawana.

Basi wanawake wakaanza. Meza hadi meza. Nane. Kumi. Saba na nusu. Wanazisema kama wanasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Wanaume wote wakala samaki yule bila kuinua kichwa, na wapishi wakasema mwaka huu watu wamekula vizuri.

Kelele ilipotulia nikamuuliza Bi Verna kama alijua.

"Lyle, niliolewa na mtu wa ishirini na nne kwa galoni," akasema. "Najua."

"Sasa kwa nini ulinilipa ishirini?"

"Ningekuambia nenda polepole ungesema sawa, Bi Verna, halafu ungekimbia kama wote. Kwa hiyo nikakuachia haraka yako uilipie mwenyewe." Akachota siagi. "Pale sheli alikuwepo mmoja tu aliyedanganya vya kutosha."

Kaniandikia kumi na moja. Halafu akatoa mfuko mkobani, biskuti zimejaa, akampa Renae.

Oktoba 20

Siku ya kwanza bandani. Kuna joto, kuna redio, kuna benchi la Orville.

Mchana Gordy kapita kunisalimia. Tumesimama mlangoni, mikono mfukoni, tunaangalia theluji. Mafuta hakuna aliyeyataja. Akavumilia, akavumilia, mwisho akasema ile mashine yake mpya ya kusukuma theluji inasafisha uwanja mzima kwa kikombe kimoja cha petroli. Nikamwambia yangu nusu kikombe, na uwanja wa jirani juu.

Halafu tukasikia kioo cha pikapu yake kinashuka. Carol alikuwemo.

Tukaanza kuongelea hali ya hewa.